Mama Martina Yupo Kwenye Picha, Hayupo Kwenye Orodha

Mutuka, Alhamisi, mwezi wa tatu.

Leo mvua imetuonea huruma, haikudondosha hata tone. Matope ya uwanjani yameanza kukauka. Ni siku nzuri ya kupanda mahindi, na mimi nimekaa mlangoni na daftari, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Naandika upesi jua likiwa bado lipo, maana mafuta ya taa yaliniishia juma lililopita na duka la ushirika halina hata harufu yake.

Nianzie wapi? Nianze na aibu yangu mwenyewe. Wengine nitawasema baadaye.

Leo mimi, mwalimu mzima wa darasa la tatu, nimepanda juu ya dawati mbele ya kijiji kizima nikasoma majina ya watu wa kupewa msaada wa mafuriko. Nimesoma kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti ileile ninayoitia mahudhurio. Jina la Mama Martina halikuwamo. Nikakunja karatasi, nikashuka kwenye dawati.

Nikashuka tu.

Mama Martina ni jirani yangu wa kule bondeni, mjane, ana watoto watatu. Martina ndiye mkubwa, namfundisha. Mto uliposhuka kwa kishindo kutoka mlimani baada ya Krismasi, nyumba yao ndiyo ya kwanza kuondoka. Kihenge kilikwenda na mahindi yote ya mwaka. Mbuzi wawili walikwenda. Yeye alitoka na watoto, sufuria moja, na kuku mmoja aliyekuwa amepanda juu ya mti. Hakuna mtu Mutuka asiyelijua hili, hata wale wasiosalimiana naye.

Shamba analo. Limelimwa tayari, wanawake wa jumuiya walimlimia Jumamosi mbili mfululizo. Kinachokosekana ni mbegu. Mahindi yasipoingia ardhini wiki hii ameukosa msimu, na mama huyu na watoto wake watatu watakula kwa kuomba mpaka mwakani. Basi. Hilo ndilo jambo lenyewe, wala si kubwa kwa mtu mwenye lori la mbegu.

Sasa nieleze hawa watu wa Mfuko.

Mfuko ni wa hisani, makao yake makuu yapo Dar es Salaam, na wenye kuchangia wako huko na wengine Ulaya. Walikuja mara ya kwanza siku ya tatu baada ya mafuriko. Landrover moja, mpiga picha mmoja mwenye kofia. Mama Martina Kiswahili chake ni cha kuokoteza, anasema Kiiraqw, kwa hiyo niliitwa nikamtafsirie. Alikuwa amesimama palipokuwa na mlango wake. Alipomwona mgeni akafanya kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu: akajifuta mikono, akatabasamu, akamkaribisha. Akamkaribisha wapi, Mungu wangu? Nyumba yenyewe ilikuwa imekwenda na maji!

Mpiga picha hakupendezwa. Akaniambia, "Mwalimu, mwambie asicheke. Akae chini kwenye tope, na mtoto ampakate."

Nikamwambia.

Alikuwa na kitenge kizuri kidogo, jirani alimpa jana yake ajisitiri. Mpiga picha akasema hicho hapana, kinang'aa mno, avae kile kilichochanika. Nalo hilo nikamwambia. Martina alikuwa anatazama. Mama yake akanitazama mimi, si yule bwana, akauliza kama kweli mgeni ndivyo anavyotaka. Nikasema ndivyo anavyotaka. Akakaa kwenye tope. Mpaka leo sijui kwa nini ulimi wangu haukukataa. Nadhani niliona gari, nikaona kamera, nikafikiri hawa watu wanajua wanachokifanya.

Mwezi wa pili tukaletewa barua. Watu wa Mfuko watarudi kufanya tathmini, watapita nyumba kwa nyumba waone nani anastahili kusaidiwa.

Hapa ndipo tulipofanya ujinga wetu, na nasema wetu kwa sababu nilikuwa mstari wa mbele.

Kwetu mgeni hakuti uwanja mchafu. Hata uwe umelala na njaa siku mbili, mgeni akipiga hodi lazima akute pamefagiliwa, apewe mahali pa kukaa na kitu cha kutia mdomoni. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita kila mlango akitangaza, tusiaibike, wageni wanatoka mbali. Mimi nikatoa darasa zima likafagie. Mama Martina alikuwa ameshasimamishiwa kibanda na majirani, tukakikandika upya na kukipiga chokaa ya udongo mweupe mbele. Nikampelekea viti vyangu viwili. Mke wa Balozi akaleta meza na kitambaa cha kufuma. Vikombe vilitoka kwa katekista, chupa ya chai ilitoka kwangu. Sukari nayo ilikuwa yangu, robo kilo niliyoipangia foleni kutwa nzima mpaka miguu ikavimba, nikaimwaga yote kwenye chai ya wale watu. Unga walichanga majirani, kikombe kimoja kimoja, na si huu wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, tunaokula sisi, ni mweupe kabisa, wa kutafuta kwa tochi.

Na Mama Martina akachinja kuku. Yule yule aliyeokoka juu ya mti.

Akaja bwana mmoja, Ndugu Msimamizi, ana tumbo la heshima na kalamu tatu mfukoni. Akakaa kwenye kiti changu. Akala paja. Akanywa vikombe viwili, akaomba cha tatu. Akasifia, akasema hapa pamenyooka, huyu mama anajitahidi sana. Sisi nje tukakonyezana kwa furaha! Tulijiona tumeweza. Balozi akanipa mkono. Akilini mwetu tulijua mgeni akishiba atakukumbuka kwa wema.

Leo amerudi na mgao, nikachungulia nikaona alichokiandika. Kwenye daftari lake la tathmini, karibu na jina la Mama Martina, maneno mawili. "Kaya inajiweza."

Inajiweza! Mtu umekula kuku wa mwisho wa mjane, umejilamba vidole, kisha unaandika anajiweza? Kwa kiti cha mwalimu? Kwa kikombe cha katekista? Hukuuliza hata swali moja, chakula hiki kimetoka wapi, kihenge kiko wapi, analala juu ya nini. Ungeinua kichwa tu ungeona kitanda hakipo. Wanalala juu ya majani ya migomba, jamani.

Lakini na sisi je? Mbona hakuna aliyefungua mdomo kumwambia vitu hivi tumeazima? Ingekuwa aibu. Ndiyo hivyo. Tulilinda aibu yetu, na mwenzetu akafutwa.

Basi leo lori limefika saa nne, likaegeshwa uwanja wa shule. Mbegu za mahindi, maharage, majembe, mablanketi. Watu wamekuja tangu alfajiri, wengine wamebeba viroba vitupu kichwani. Mama Martina alikuwa wa tatu kwenye mstari, amevaa gauni lake la kanisani, maana kwake kwenda kupokea kitu cha watu ni jambo la heshima.

Na kwenye mlango wa lori wamebandika picha. Kubwa, ya rangi.

Nilidhani macho yananidanganya. Ni yeye. Amekaa kwenye tope, kitenge kimechanika, kampakata Martina, macho yanaangalia pembeni. Yalikuwa yananiangalia mimi, nilikuwa nimesimama hapo pembeni natafsiri. Chini wameandika kwa herufi nene kwamba mchango wako umemfikia. Dereva alikuwa na karatasi nyingine ndogo zenye picha hiyohiyo, akasema wamezigawa makanisani, maofisini na kwenye meli za Ulaya, na watu wamechanga hasa. Akasema kwa kujisifu kwamba katika picha zote za mwaka huu hakuna iliyoleta michango kama hii.

Watoto wakaanza kupiga kelele, "Martina! Martina yuko kwenye gari!" Mtoto wa watu akajificha nyuma ya darasa.

Ndipo nikapewa orodha nisome. Nikasoma. Nimeshasema nilivyosoma.

Mama Martina alibaki kwenye mstari mpaka wa mwisho amepokea. Hakulia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Alinifuata, akanisalimia shikamoo vizuri kabisa, akanyoosha kidole kwenye mlango wa lori, akaniuliza kwa Kiiraqw, polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Mwalimu, huyu wa kwenye picha, yeye amepewa?"

Nikamwambia anifuate.

Nikamwendea Ndugu Msimamizi. Nikamwambia kuna kosa, mwenye picha ndiye huyu hapa na orodhani hayumo. Akamtazama Mama Martina kuanzia juu hadi chini, lile gauni, kile kilemba, na nilimwona kwa macho yangu akipata uhakika zaidi. Akasema, kwa upole wa kuudhi, "Mwalimu, picha ni ya kuchangisha. Orodha ni ya kugawa. Hizo ni idara mbili." Akaongeza kwamba orodha imepitishwa makao makuu, yeye hana mamlaka ya kuongeza mtu. Nikamwuliza yale magunia sita yaliyobaki garini ni ya nani. Akasema ya akiba. Akiba ya nani tena? Akanijibu ya dharura.

Ya dharura! Na huyu mama anayo nini, harusi?

Nilitaka kumwambia arudishe kuku. Nilikuwa na maneno mengi, lakini wanafunzi wangu walikuwa wananitazama. Kisha akanipa karatasi nyingine, ya kuthibitisha kwamba mgao umefanyika kwa haki na walengwa wote wamefikiwa. Inatakiwa sahihi ya msomaji wa majina. Bila hiyo, anasema, hawezi kurudi Dar es Salaam, hesabu ya safari haifungwi. Nikamwambia jua ni kali, kichwa kinaniuma, niachie nikaisome nyumbani. Akakubali. Analala gesti huko Bagara, mwendo wa miguu kutoka hapa, anaondoka kesho asubuhi na lori lake.

Karatasi ninayo hapa, chini ya daftari hili.

Kwa hiyo kesho naomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, natembea na Mama Martina mpaka Bagara kabla ya saa moja. Sahihi yangu ataipata. Lakini kwanza ashushe gunia moja la mbegu, jembe moja, blanketi, na alifute lile neno "inajiweza" mimi nikiwa nimesimama hapo. Akikataa, basi na akae hapo gesti mpaka Pasaka, mimi mkono wangu hauandiki uongo. Wataniandikia barua ya onyo? Na waandike. Mwenzangu mmoja aliwahi kuhamishwa kwa dogo kuliko hili, nalijua hilo.

Kilichoniumiza kichwa jioni hii ni kingine, cha kijinga kabisa. Nimekaa nawaza, kesho Mama Martina avae nini? Akivaa vizuri wataona anajiweza. Akivaa kile kitenge kilichochanika, watamwamini. Na mimi nitakuwa nimemkalisha kwenye tope mara ya pili, kwa mdomo wangu uleule. Hivi kweli tumefika mahali mtu achague nguo ili aaminiwe kwamba ana njaa? Hasira ikanipanda upya.

Nikiwa hapo Martina kapita, ametumwa na mama yake. Gauni la kanisani wamekwisha kulifua, limeanikwa, hadi asubuhi litakuwa limekauka. Mama hajauliza ushauri wangu juu ya hilo, ameshaamua. Nikashusha pumzi.

Lakini ana swali. Anauliza kesho tunambebea nini yule bwana. Haiwezekani kwenda kwa mtu mikono mitupu, na mke wa Balozi amejitolea mayai manne.

Nimemshika Martina bega nikamwambia mayai hayo wale wao, usiku huuhuu, watoto watatu na mama yao. Kisha amwambie mama yake hivi: kesho hatubebi kitu. Safari hii tunakwenda kuchukua.