Fatiha ya Kapteni Fadhili

Jumatatu, 6 Julai 1953. Kisarawe

Nimeteka maji, nimetwanga, nimefua nguo za Zuhura. Sasa kalala. Jino la pili linasukuma, tangu alfajiri alikuwa analia, mpaka kachoka mwenyewe. Mama mkwe kaenda shamba kuchimba mihogo. Nyumba kimya.

Nimesoma kurasa nne za kitabu cha Athumani. Nimesoma kwa sauti, ili nisikie mtu akisema humu ndani.

Kitabu kikuukuu. Jalada hakina, kimefungwa kwa uzi wa katani. Athumani alikinunua kwa karani mmoja Dar es Salaam, hata hatujaoana. Ni habari za Kapteni Fadhili anayemwinda jambazi, Jicho Moja, aliyeiba sanduku la dhahabu. Ni kupigana mwanzo mwisho. Nasoma polepole, mimi niliishia darasa la nne.

Athumani alisema atarudi kabla ya Ramadhani. Ramadhani imepita. Idi imepita. Korogwe kwenye mkonge siyo mwisho wa dunia.

Nimemkumbuka. Naandika hivyo hivyo.

Jumatano, 8 Julai

Bi Tatu kanisikia nikisoma, akadhani nina mgeni. Kaja kuchungulia. Bi Tatu ni dada wa babu yake Athumani, anakaa nyuma ya nyumba yetu. Ananiita mke mwenzangu, kwa kuwa mjukuu ni mume wa bibi. Kila asubuhi huniuliza kama mume wetu kaleta vitenge. Zamani nilikuwa nacheka.

Kaketi barazani na ukili wake wa mkeka, akasema nisome, hakuja kunitazama sura. Nikaanza upya. Kapteni kamuaga mke wake Zaina, ukurasa mmoja tu, akadandia treni. Bi Tatu kauliza, "Huyo mke kaachiwa nini jikoni?"

Nikarudi nyuma kutafuta. Kitabu hakisemi.

Jumamosi, 11 Julai

Leo baraza limejaa. Bi Tatu kaja na Sikudhani, jirani yetu, biarusi wa mwaka huu. Kila mmoja na miyaa yake, mikono inasuka, masikio kwangu. Mzee Shomari, jirani mwingine, kasimama nje ya ua. Anasema hasikilizi, anapumzisha mguu. Mama mkwe kaketi mlangoni, katupa mgongo, anasuka ukili wake wenye ukingo mwekundu.

Maoni yao niyaandike, maana nimecheka mpaka Zuhura kaamka.

Sikudhani anampenda Kapteni. Anasema mwanamume ndiye huyo. Bi Tatu anasema mwanamume gani, tangu aanze kukimbia hajala hata kiazi, na hakuna aliyemwona akienda msalani. Mzee Shomari alikuwa mpagazi kwenye vita vya Mjerumani. Kasema kwa ukali kwamba hakuna bunduki ya namna hiyo, inayopiga kutwa bila kujazwa risasi. Na kuruka kutoka kwenye treni hakuna. Vitani yeye aliona njaa na kuhara. Hayo mbona hayamo?

Mama mkwe aliendelea kusuka.

Wamenitakia usiku mwema kwa jina langu, Mwajuma. Muda mrefu nilikuwa mama Zuhura tu, au yule mkwe wa Gwata.

Jumatano, 15 Julai

Kaka Ramadhani kaja kutoka kwetu Gwata, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kaleta salamu za mama na maneno ya baba. Baba anasema asiposikia habari za Athumani, atamtuma kaka aje kunichukua kabla ya Idi ya kuchinja, mimi na mtoto, na mambo mengine yatasemwa mbele ya kadhi. "Mke siyo mbuzi wa kufungwa kambani halafu asahauliwe," kaka kasema. Kayasema makusudi kwa sauti.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya mlango. Alitoka na uji, akampa kaka kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Sitaki kwenda. Athumani akija akute mlango umefungwa? Tena Zuhura hapa ndiyo kwao, bibi yake ndiye anayemwogesha. Lakini nimeshachoka kulala nikisikiliza njia.

Jumatatu, 20 Julai

Tumefika darajani. Jicho Moja yuko upande ule, Kapteni upande huu, daraja la kamba, mto umefurika chini. Wamekamatana katikati. Ukili umesimama mikononi. Hata Mzee Shomari kaingia ndani ya ua, mguu kausahau.

Kamba ikakatika. Kapteni kaanguka mtoni, maji yakamchukua. Sura imeishia hapo.

Nilitaka kugeuza ukurasa, adhana ya alasiri ikalia, wote wakainuka. Mama mkwe hakuinuka. Kabaki ameushika ukili, kama mtu aliyesahau alichokuwa anafanya.

Jumanne, 21 Julai

Asubuhi mama mkwe kaniuliza, "Fadhili bin nani?"

Sikuelewa. Kauliza tena, jina la baba yake Kapteni. Nikamwambia kitabu hakisemi. Kafikiri, akasema, "Basi bin Adamu. Sote ni wake."

Kumbe kachemsha mihogo kwa nazi, sufuria kubwa. Kafukiza ubani. Walipokuja mchana kusikiliza, kawaambia leo hatusomi kitabu, leo tunamsomea marehemu. Mzee Shomari kanitazama, kamtazama yeye, akavua viatu. Akasoma Fatiha, sisi tukaitikia amina. Sikudhani alifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Halafu akamwona mama mkwe, akaacha.

Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayafuti. Kwa kapteni wa kitabuni?

Nilikuwa nimempakata Zuhura. Nikamtazama mama mkwe, nikaelewa. Mwanawe Athumani ana jina la baba. Aliogopa kulitaja.

Tulikula mihogo. Hakuna aliyefanya utani, hata Bi Tatu.

Jumamosi, 25 Julai

Sikuwa nimesoma mbele. Wallahi tumejua pamoja.

Kapteni yu hai. Maji yalimtupa mbali, mvuvi kamwokota, binti wa mvuvi kamtibu kidonda. Kakaa kwao masika mazima. Anakula samaki, anachonga kasia, anacheka. Sikudhani kapiga kigelegele. Mimi pia moyo umeruka, nikamgeukia mama mkwe ili tufurahi wote.

Kakasirika. Sijapata kumwona hivyo. Mzee Shomari akajaribu kusema mtu mwenye jeraha atamtuma nani. Kamjibu, "Kaumia mguu, hakuumia mdomo." Akasema na mengine. Kwamba mihogo yake imeliwa bure. Kwamba kama mtu yu hai na hatumi salamu, waliomsomea Fatiha hawakukosea. Akakusanya miyaa, akaingia ndani, akaegesha mlango.

Watu wametawanyika.

Alhamisi, 30 Julai

Hakuna aliyekuja siku hizi. Bi Tatu anasema macho yanamuuma. Sikudhani ana wageni. Mama mkwe ananisemesha ya chumvi na ya kuni tu.

Nimekichukia kitabu. Nimekiweka juu ya kabati, nikakishusha, nikakiweka tena.

Zuhura kasema ba. Ba, ba, ba. Nikamwambia hayupo, mwanangu, sema ma.

Jumatano, 5 Agosti

Mpwa wake Mzee Shomari karudi kutoka Korogwe. Alikuwa shamba moja na Athumani. Habari kampa mjomba wake, mjomba kampa mama mkwe, mama mkwe kaniambia mimi, tukimenya mihogo, bila kuacha kumenya.

Athumani mzima. Kanenepa. Mkataba ulikwisha zamani, kaweka mwingine. Ana chumba kambini, na mwanamke, na mwanamke ni mjamzito.

Nilimenya mihogo yote. Nikaosha. Nikabandika.

Kwa hiyo alikuwa anacheka huko. Wakati ule mimi nahesabu siku.

Jumamosi, 8 Agosti

Mama mkwe kazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kawaambia waje, kitabu kimaliziwe. Wamekuja wote. Bi Tatu kakaa karibu nami mpaka magoti yakagusana, hakuniita mke mwenzangu.

Nimesoma mpaka sauti ikakauka. Kapteni kaondoka kwa mvuvi, kampata Jicho Moja, wamepigana juu ya paa la ghala, dhahabu imerudi serikalini. Mzee Shomari alinung'unika tena kuhusu risasi, lakini taratibu. Mwishoni Kapteni yuko mbele ya nyumba yake. Kavaa nguo mpya. Kainua mkono abishe hodi.

Basi. Kurasa za mwisho hazimo. Uzi wa katani umeshika hewa. Nikawaonyesha ili wasinidhanie.

Wakaanza. Sikudhani kasema Zaina atafungua, atalia, yatakwisha. Bi Tatu kasema atafungua, atammwagia maji ya vyombo, halafu ndiyo yaishe. Mzee Shomari kasema yeye alirudi vitani akakuta kitanda cha kamba tu, mke kaolewa Maneromango, na hakumlaumu. Hilo hatukuwahi kulisikia.

Halafu mama mkwe. Aliacha kusuka. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kusoma aligeuka, akaketi akinitazama.

"Atakayefungua ni mama yake," akasema. "Zaina kashaondoka na mtoto wake. Na mama huyo ndiye aliyemwambia aende."

Hakuna aliyebisha. Kuku walikuwa wanaparua chini ya baraza. Nilitaka kusema kitu, nikasema, "Ndiyo, mama."

Jumapili, 9 Agosti

Kaniita ndani. Kasema, "Nimezaa mpumbavu, lakini sitamfungia ndani mtoto wa mwenzangu." Kasema Zuhura ni wake hata akiwa Gwata, awe anakuja kukaa naye wakati wa maembe. Akaenda kutazama moto ambao haukuwa na kitu juu yake.

Mimi nimelia chooni, nisionekane.

Ijumaa, 14 Agosti

Kaka kafika. Hapakuwa na maneno, alikuja amejiandaa kugombana akapewa chai.

Kumbe siku hizi zote mama mkwe alikuwa anashona. Kakusanya ukili wa kila mtu, ule waliousuka wakisikiliza, kaushona ukawa mkeka. Katia upindo wa rangi nyekundu. Kaukunja, kaufunga kwa kamba, akaniwekea kichwani mwenyewe. Kitabu nilikuwa nimekiacha juu ya kabati, ni cha mwanawe. Kakishusha, akakichomeka katikati ya mkeka.

"Chako. Yeye hakukimaliza."

Bi Tatu kanisindikiza mpaka njia ya Pugu. Tulipoachana kasema, "Haya, mke mwenzangu, umeniachia mume mbovu peke yangu." Tukacheka. Kisha akambusu Zuhura kichwani, akageuka haraka.

Treni mpaka Ruvu. Zuhura kalala njia nzima. Nilitazama dirishani, sikuona kitu.

Jumapili, 23 Agosti. Gwata

Idi imepita. Nyama imekwisha. Baba hajaniuliza lolote, nashukuru.

Nimetandika mkeka chini ya upenu. Ukili wa Bi Tatu naujua, umebana. Wa Sikudhani umelegea pale kwenye mapigano. Wa mama mkwe umenyooka, ila pana mahali pamoja umepinda, kama kidole kilipotea njia. Nadhani ni darajani. Zuhura kajishika kwenye goti langu, kasimama, kaanguka, kasimama.

Mama kaja na ungo wa kunde anachagua. Kauliza nasoma nini. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Kapteni anaaga, treni inalia, Zaina kasimama stesheni.

Mama kauliza, "Huyo mwanamke kabaki na nani?"

Nikasema, "Na mama mkwe wake."

"Basi ana mtu," akasema, akarudi kwenye kunde zake.

Nikafungua ukurasa wa pili.