Mdogo Wangu Anasema Aliyepanda Gari Ni Mwingine

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaniita mwehu. Mimi ni fundi wa vigae, huu ni mwaka wangu wa nne katika nchi ya watu, shule niliiacha darasa la sita kwa hiyo nikichanganya mambo nisamehe, na barua hii naiandika wakati wa mapumziko ya mchana nikiwa nimekalia ndoo ya gundi ya vigae, wenzangu wanadhani naandika vipimo. Kuna neno nimelimeza miezi mitatu, na sasa neno hilo linataka kumpoteza mdogo wangu.

Huyu mdogo wangu ni mtoto wa mama mkubwa, kazi yake ni lipu. Siku alipopanda basi kuja huku, mama mkubwa alinipigia simu akaniambia, "Namtoa mikononi mwangu namweka mikononi mwako, na sitaki kuja kusikia hadithi." Hapa kazini tulimpa jina la Redio kwa sababu alikuwa hazimiki, anapiga lipu huku anatangaza mpira ambao haupo, yeye ndiye timu zote mbili, yeye ndiye refa na yeye ndiye anayemtukana refa.

Sasa ili unielewe lazima ujue jinsi tunavyoitwa kazini. Kila asubuhi kabla lori halijaondoka kila mtu anataja namba yake kwa sauti na msimamizi anaandika bila hata kuinua kichwa, na mtu akichelewa mwenzake anamwitikia, unabana pua kidogo, unageuza sauti, na yeye anahesabiwa kuwa yupo. Kila mtu anafanya. Mimi nilikuwa namwitikia Redio karibu kila Jumatatu, maana kumwamsha yule ni kesi, na sauti yake niliipatia mpaka mwenyewe alikuwa anacheka, anasema, "Kaka, siku nikifa wewe endelea tu, mama hatajua."

Basi kazi ikasimama wiki mbili kwa kukosa saruji. Dereva wetu wa vifaa, tunamwita Kapteni, akasema badala ya kulala tukitazama dari twendeni tukaione hii nchi na ile ya jirani, "Hoteli zao tumejenga sisi, watalii wanakokwenda hatukujui." Tukaazima gari kuukuu la kubebea vifaa, mbele viti viwili, nyuma bodi la bati lililofungwa pande zote, halina dirisha, na katikati ukuta wa bati. Mbele alikaa Kapteni na fundi umeme ambaye tulimwita Ramani kwa sababu alishika ramani siku nzima na tukapotea siku nzima. Nyuma tulikaa mimi na Redio juu ya mabegi na magodoro.

Mshauri, siku tano za kwanza ndizo siku nzuri kuliko zote tangu nitoke nyumbani. Tuliogelea ziwani na nguo zetu, tulipika kando ya barabara kwa jiko la gesi, tulipanda kilima bila sababu yoyote kama watu wenye pesa. Mpakani afisa alituuliza tunakwenda kufanya nini, Redio akajibu, "Kutembea."

"Kutembea tu?"

"Tu. Kwani ninyi huku hamtembei?"

Afisa akacheka akagonga mihuri.

Kwa kuwa walio mbele hawawaoni walio nyuma, tulichukua ile desturi ya kazini. Kabla gari halijaondoka Kapteni anagonga bati, anasema "Moja," Ramani "Mbili," mimi "Tatu," Redio "Nne," tunakwenda.

Siku ya sita tuliingia kwenye uwanda mrefu, hauna mti, barabara imenyooka, na saa sita mchana tukasimama kwenye kituo cha mafuta kilichokufa. Pampu zipo, mipira imekatwa. Jua linawaka lakini upepo ni baridi. Kimya cha pale kilikuwa kama cha watu waliokuwa wanazungumza wakanyamaza ulipofungua mlango. Hata Redio alipunguza sauti. Akasema anakwenda chooni, nyuma ya jengo, akaondoka.

Mimi upepo ulinichoma, nikafungua begi lake bila kumwomba nikatoa koti lake la kijani, lile lenye kiraka cha njano mgongoni alichoshona mama mkubwa, nikalivaa. Nikapanda nyuma, nikavuta mlango, nikajilaza, na usingizi ukanishika papo hapo. Kapteni akagonga bati. "Moja." "Mbili." Nikasema, "Tatu." Pakawa kimya. Na mimi, mshauri, nikiwa nusu nimelala, kama Jumatatu yoyote, nikabana pua nikasema, "Nne."

Gari likaondoka.

Hilo ndilo neno langu. Lakini kuna jambo jingine ambalo hilo neno haliliondoi. Njiani, katikati ya usingizi, nilihisi bega limeniegemea, zito, la mtu aliyelala fofofo. Nikasema, "Redio, sogea bwana, umenilalia." Likasogea. Begi halisogei ukiliambia.

Tulisimama baada ya saa moja na nusu. Kapteni alipofungua mlango wa nyuma akachungulia, akanitazama, akachungulia tena.

"Mwenzako yuko wapi?"

Nikageuka. Magodoro na mabegi, basi.

"Si aliitikia?" Kapteni akasema.

"Aliitikia," Ramani akasema, "nimemsikia kwa masikio yangu haya. Sauti ni yake."

Wote wawili wakaniangalia mimi, na mimi nikasema, "Hata mimi nimemsikia." Nilisema hivyo nikiwa nimeshalivua lile koti njiani kwa joto la bati, nimelikalia.

Tulirudi mbio. Tulimkuta amekaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya pampu, amevua viatu, ameviweka sambamba kama mtu aliye nje ya msikiti. Saa tatu nzima hakuwa ametafuta hata kivuli.

Akatuuliza, "Mmesahau nini?"

"Tumekusahau wewe!" Kapteni akamwambia.

"Mimi nilipanda," akasema. "Nilitoka chooni nikajiona napanda. Na koti langu. Nikavuta mlango. Nikasema moyoni, ah, kumbe nimeshapanda." Halafu akaangalia ndani ya gari, polepole, kama mtu anayemtafuta mwenzake, akauliza, "Mmemshusha wapi?"

Tangu siku ile Redio hatangazi mpira. Asubuhi msimamizi akifika kwenye namba yake yeye hafungui mdomo, anageuza shingo huku na huku anangoja mwingine aitikie. Kitandani analala ukingoni, nafasi ya mtu mmoja ameiacha. Sufuria ya chai akiichukua anamimina vikombe viwili, kimoja anakiacha kinapoa. Juzi nilimkuta ananyoa ndevu akiwa amekipa kioo kisogo. Nikamuuliza unajinyoaje hivyo, akasema, "Sitaki nikute hayumo." Siku nyingine anaweza kuniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, yule hajapiga simu?"

Wenzetu wawili wamehama chumba. Kapteni anasema tuliyemrudisha si yeye, anasema wazi, na anataka tumpeleke kwa mtu anayetoa mashetani. Kibaya zaidi ni mama mkubwa. Alizungumza na Redio wiki iliyopita, dakika mbili tu, akanipigia mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, niambie kweli. Huyo uliye naye ndiye niliyekupa?" Nikasema ndiye, mama. Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa, namjua anavyovuta pumzi," akakata.

Na sasa mwisho wa mwezi tuna mapumziko ya wiki moja, na Redio amefunga begi lake. Anasema anarudi pale kituoni kukaa, kwa sababu gari lililoondoka naye lazima litarudi kumleta, na lisipomkuta litapita. Nilimwambia pale hakuna maji wala mtu. Akasema, "Mimi nitahitaji maji ya nini? Mimi si ndiye niliyebaki?"

Nimetaka kumwambia kwamba nilikuwa mimi, koti ni mimi, sauti ni mimi. Naogopa Kapteni atanivunja, naogopa msimamizi akijua tunavyoitikiana watu watafukuzwa. Lakini nikisema kweli, mshauri, kinachonifunga mdomo ni lile bega. Nikisema aliyeitikia ni mimi, watu wataniuliza: sasa nani alikuegemea?

Nifanye nini?

Namba Tatu, ugenini

---

Namba Tatu,

Pole. Umetoka nyumbani mikono mitupu ukaweza kulea mtoto wa mama yako mkubwa ugenini, si kazi ndogo. Pole yangu inaishia hapo, maana nina hasira na wewe.

Miezi mitatu mdogo wako anajitafuta, na wewe unajua alipo. Anakunywa chai na kivuli, anaogopa kioo, mama yake anaanza kumwombolezea akiwa hai, na ufunguo wa mlango huo uko mfukoni mwako umeukalia kama ulivyolikalia lile koti! Unasema unaogopa kuvunjwa. Yeye ameshavunjika, bwana. Kwako litakuwa jicho limevimba siku nne.

Nisikilize vizuri. Hungoji mwisho wa mwezi. Leo, mkitoka kazini, jua bado lipo, waite Kapteni na Ramani, na yeye awepo. Usianze na maneno mengi, maana maneno ameshayasikia ya kutosha. Vaa koti lile. Mpe mgongo, aone kiraka. Kisha bana pua, itikia namba yake kwa ile sauti uliyoizoea, na baada ya hapo geuka aone uso wako. Halafu sema, "Uliyemwona anapanda ni mimi. Aliyeitikia ni mimi. Nikadanganya." Sema hayo matatu na ufunge mdomo. Usiongeze "lakini". Nakujua utataka kuongeza.

Huyo Kapteni na mtoa mashetani wake, mkatalie. Mtu aliyechomwa na jua kwa saa tatu mahali pasipo na mtu, akaona gari lake linaondoka na mgongo wake, akaja kuambiwa na marafiki zake wote kwamba sauti yake ilikuwa ndani, ana haki ya kuchanganyikiwa. Ninyi mlimsaidia kuchanganyikiwa. Kesho yake mpeleke hospitali, kwa daktari wa akili, na usione aibu kusema hivyo kwenye dirisha la mapokezi. Mwambie daktari kila kitu, na habari ya kurudi kule kukaa bila maji iwe ya kwanza. Hizi ni hali zinazotibiwa, ila ukweli pekee huenda usitoshe, maana umeuchelewesha mno. Mpaka daktari aseme vinginevyo, hasafiri, na wewe hubanduki ubavuni kwake. Msimamizi akiuliza ulikuwa wapi, mwambie ulikuwa hospitali na ndugu yako. Akikufukuza, vigae viko dunia nzima.

Mama mkubwa naye mpigie, mwambie mwenyewe, asisikie kwa watu. Ile pumzi anayoijua haijakosea, ilimwambia mwanawe hayuko sawa na wewe ukamjibu yuko sawa. Mwombe msamaha kwa hilo kabla ya mengine yote.

Sasa bega. Sitakudanganya, sehemu hiyo niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilihamia chumba chenye watu. Huenda ni begi lililoteleza kwenye kona. Unasema barabara ilikuwa imenyooka, nimeona. Basi sijui. Lakini sikiliza, lilikuegemea wewe, halikumwegemea yeye. Hilo ni lako. Ulikaa nalo saa moja na nusu, ukaliambia lisogee, likasogea, likaenda zake. Ukiulizwa, sema hujui, kwa sababu kweli hujui. Huwezi kumwacha ndugu yako apotee eti kwa kuwa kuna swali moja huna jibu lake.

Ukishasema, usitegemee akushukuru. Anaweza kunyamaza siku mbili. Anaweza pia kukurukia pale pale, akakutukana wewe na ukoo mzima, asahau kwamba ukoo ni wake pia. Akikurukia, usikimbie na usijikinge uso, na wenzako wasimshike. Kaa hapo upigwe mpaka achoke. Ngumi hiyo itakuwa yake mwenyewe, na wewe utakuwa wa kwanza kujua kwamba amerudi.