Januari Bila Paa

4 Kirkgill Row,
Hawkside,
Yorkshire,
Uingereza.

22 Februari, 1998

Mpendwa shemeji Avis,

Pokea salamu zangu, nzito kama koti nililolivaa hapa mezani, maana moto wa makaa umefifia na mimi ni mvivu wa kuinuka. U hali gani huko Dunedin? Mguu wa Murray umepona, au bado anaufanya kisingizio cha kutokata majani ya uani? Lorna na Keith hawajambo? Najua huko kwenu ni kiangazi na mnakula chakula cha jioni nje. Usinisimulie hayo utakaponijibu, nitaona wivu bure.

Sisi huku tu wazima, na neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Thelma amelala kwenye kiti cha dirishani, mashavu mekundu, anakoroma kidogo. Ukimwambia anakoroma atakana, kwa hiyo iwe siri yetu.

Sasa kaa chini, shemeji. Ulipopiga simu baada ya Krismasi, dada yako alikuambia ana mafua. Hakuwa na mafua. Novemba alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, na Januari akaanza matibabu ya mionzi, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, wiki tano mfululizo. Alinikataza nisikuandikie mpaka yaishe. Alisema utarukia ndege ya kwanza uje kumpikia ile supu yako, na kwamba mgonjwa ana haki ya kukingwa na mambo kama hayo. Yameisha juzi Ijumaa. Nisamehe kwa kunyamaza, ila mkasirikie yeye kwanza.

Hospitali iko mjini, mwendo wa saa nzima na ushee, barabara ya kona tupu inayopanda mlima na kuushuka. Wiki ya kwanza Gillian alichukua ruhusa kazini akawa anampeleka mama yake kwa lile gari lake jipya, la milango minne, lenye kikopo cha manukato ya msonobari kinachoning'inia kwenye kioo. Mionzi ilimvuruga Thelma tumbo vibaya sana. Humo ndani, vioo vimefungwa, joto limewashwa, msonobari unamjia puani, hakuweza kupita kona mbili bila kutapika. Alikwenda na ndoo mapajani na kurudi nayo hivyo hivyo. Gillian, maskini, alikuwa akilia huku anaendesha.

Ijumaa ya wiki ile tulikuwa mezani, yeye hajagusa chakula.

"Wilf," akasema, "mimi siendi tena."

"Wiki ijayo?"

"Tena ni tena. Bora nife kitandani mwangu kuliko kufia kwenye ndoo."

Niliogopa, Avis. Daktari alikwisha tuambia kwamba matibabu ya nusu ni sawa na hakuna. Na kulikuwa na jambo jingine lililoniogopesha zaidi. Unajua Januari nyumba hii hunukia machungwa machungu kuanzia chumba cha chini hadi darini, na hakuna jirani anayenusurika bila kupewa chupa ya jemu. Mwaka huu Thelma hakununua hata chungwa moja la kupikia. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayejibu saa ngapi, "Nani atakuwepo wa kuila?" Alikuwa ameacha kuzungumza habari za kesho. Mke wangu ninayemjua mimi hupanga Krismasi ijayo kabla sahani za hii hazijakauka.

Kisha Jumapili Gillian akashikwa na homa ya kweli kweli. Jumatatu asubuhi kukawa na gari moja tu la kumpeleka Thelma hospitali, nalo ni langu.

Najua unacheka. Umeliita bafu lenye magurudumu tangu siku nilipolinunua. Lakini kagari kangu ka kijani, chini chini kama kalivyo, paa la turubai la kukunja, ndiko nilikozungukia bonde hili lote kurekebisha piano za watu, mvua, theluji na jua, mwaka baada ya mwaka. Wenzangu wenye magari ya namna hii huyafunika gereji mwezi wa kumi ili chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu isiyale, wakayafunua Pasaka. Mimi sina gereji wala gari jingine, na siwezi kupenda kitu kwa miezi sita tu. Thelma ndiye hakuwa akilipanda kipindi cha baridi. Alikuwa akisema aliolewa na mtu, hakuolewa na upepo.

Nilimwomba aende siku hiyo moja tu. Alikubali kwa kunionea huruma, nadhani, maana nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi kama mtoto anayeomba kwenda haja. Nikampa chupa ya mpira ya maji ya moto, blanketi mbili na kofia yangu ya sufu. Paa nilikuwa nimelifunga, natumia akili.

Tulipofika nusu ya mlima uso wake ukawa na rangi ya njegere. "Simamisha," akasema. Nikasimamisha. Na hapo nikafanya jambo ambalo mwenye gari la hivi hafanyi hata akiwa amelewa: nilifyatua ndoano nikalikunja paa papo hapo, katika ile baridi ya kuuma. Kile kidirisha cha nyuma ni cha plastiki, Avis, na plastiki ikipigwa na baridi huwa kama biskuti. Kila mwaka huwafundisha vijana wanaonunua magari haya: kipashe kwanza moto kwa kitambaa cha maji ya moto, ndipo ulikunje paa. Nilikisikia kikipasuka vipande viwili. Nilitukana tusi ambalo sitaliandika.

Thelma hakusikia. Alikuwa amekiegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi, anakunywa ule upepo kama maji. Tulikaa hapo, kondoo wakitutazama, na polepole rangi ikamrudia. Nikasema ngoja nilirudishe paa, nitaziba tundu kwa kitu.

"Ukiligusa hilo paa," akaniambia, "nitakupiga na hii chupa."

Basi tukaenda hivyo hivyo mpaka mjini, Januari, barafu kwenye nyasi. Wasiojua hudhani ni kujitesa. Ukiinua vioo vya milangoni na kuwasha hita yote miguuni, mtu ana joto hadi kifuani. Ni pua tu inayolipa. Hata mvua haikuingii ukiwa kwenye mwendo, hupita juu ya kichwa chako ikaenda kulowesha walio nyuma. Shida ni taa nyekundu. Thelma alilitatua hilo siku ya tatu. Taa ikiwa nyekundu anafungua mwavuli, ikiwa kijani anaufunga, uso mkavu kama hakimu. Dereva wa basi alifungua dirisha lake akatupigia kelele, "Mama, paa mmeliuza?" Dada yako akamjibu, "Limechukua likizo. Wewe lako lini?" Basi zima lilicheka.

Hakutapika siku ile ya kwanza. Wala iliyofuata. Sisemi kagari kangu ni dawa, nisije nikaandikiwa barua na madaktari. Tumbo lilimsumbua mpaka mwisho, na kuna jioni alipanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Ila asubuhi ikifika alikwenda.

Gillian alipopona alikuja juu.

"Baba, umepata wazimu? Mgonjwa unampeleka wazi wazi kama mzigo wa viazi?"

"Muulize mzigo mwenyewe," nikamwambia.

Thelma akasema, "Gillian, mwanangu, gari lako zuri sana. Sitalipanda tena." Mtoto akanuna siku nzima. Siku iliyofuata akaja na kofia ya ngozi ya kondoo yenye masikio, kaitoa sijui wapi, akamfunga mama yake kwa mkono wake chini ya kidevu. Sasa mgonjwa akawa anafanana na rubani aliyestaafu.

Na ile desturi yetu ya kupungiana mikono, wenye magari ya wazi tukikutana njiani, ambayo Thelma huiita michezo ya watoto wa skauti? Kuna bwana mmoja tulikuwa tukipishana naye karibu na daraja, gari jekundu, paa chini na yeye, ndevu zimeganda. Wiki ya tatu nikagundua sipati tena nafasi ya kumpungia. Mkono wa Thelma huwa umeshatangulia. Asubuhi moja bwana yule hakuonekana, dada yako akawa na wasiwasi hadi tunafika hospitali.

Siku ya theluji nikaweka magunia mawili ya chakula cha kuku kwenye buti ili magurudumu ya nyuma yashike njia. Nesi wa pale, Bernadette, alimpangusa theluji mabegani kabla ya kumwingiza chumbani, akasema wagonjwa wake wengine huja na taksi. Thelma akamwambia taksi zinanuka.

Ya daktari ni haya: hakuahidi kitu. Watampima tena Aprili, na mpaka hapo hatujui. Sikufichi tena, Avis, na ninakuahidi Aprili utajua siku hiyo hiyo nitakayojua mimi.

Msalimie sana Murray, na umwambie mguu si sababu. Wabusu Lorna na Keith. Gillian anawasalimu, na Bibi Ogden jirani yetu anauliza kila mara kama bado una ule mwandiko mbaya.

Nina ujumbe wa mwisho, nimeagizwa niufikishe kama ulivyo. Jana, Jumamosi, nilikuwa na piano ya kanisa la bondeni ya kurekebisha. Nilipotoka nje nilimkuta Thelma ameshakaa ndani ya gari, kofia yake ya masikio kichwani, blanketi magotini. Hospitali hakuna, mwendo wa lazima hakuna.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kanisani na wewe. Endesha."

Tulipokuwa tukipanda, akaanza kuongea peke yake, kama zamani. Julai, akasema, nyasi zikishakatwa. Avis aje Julai. Yeye mwenyewe ataendesha, atampeleka baharini Whitby wakale samaki, atampeleka kwenye lile duka la vitambaa, atampitisha kila mahali walipokuwa wakienda na baiskeli, paa chini, kila siku, wiki tatu nzima. Hatimaye nikamkumbusha kwamba gari lina viti viwili.

Hakugeuka hata kunitazama.

"Najua," akasema. "Wewe utapanda basi."

Njoo, shemeji. Ratiba ya basi nimekwisha ichukua. Mungu akulinde safarini na sote atukutanishe Julai hiyo.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, hata ukiendelea kulitukana gari langu,

Wilf