Ujumbe Uliotoka Kwenye Simu Yako

Ami Khalfan,

Shikamoo. Miezi miwili imepita na bado nangoja uniitikie marahaba kwa ile sauti yako ya kukwaruza, kisha uniulize leo nina kilo ngapi. Gunia la kupigia ngumi ulilolishindilia nguo kuukuu linaning'inia vilevile gerejini kwako hapa Ibra. Sijaligusa.

Nataka nikuhadithie ya Japani, maana wewe ndiye uliyeniandaa na wewe ndiye ambaye hukuyasikia. Tulikuwa wanane, mapambano ya mtoano, yote siku moja, ukishindwa unafungasha. Wa kwanza nilimtoa kwa mateke ya paja. Wa pili nilimshinda kwa pointi, mbavu zikiniuma. Nikarudi kukaa, nikakutumia ujumbe: Ami, imebaki fainali, nifanyeje? Daktari alikukataza safari kwa sababu ya moyo wako, kwa hiyo nilijua uko kitandani na simu mkononi.

Jibu likaja: "Songa mbele. Usirudi nyuma hata hatua moja."

Hapo ndipo ningepaswa kujua. Hukuwahi kuniandikia hata neno moja. Ulikuwa ukituma sauti tu, ukisema herufi za simu zimetengenezewa vidole vya watoto. Na miaka kumi na moja ulinifundisha kinyume chake: "Rudi hatua moja, vuta pumzi, ndipo umtazame." Ulikuwa ukinipigia kelele hizo kwa Kiswahili ili wapinzani wasielewe, ilhali nusu ya ukumbi wa Maskati walikuwa wakikielewa. Lakini nilikuwa na hamu ya neno lako, Ami. Nikalichukua kama lilivyo.

Sikurudi nyuma. Yule Mjapani wa fainali alingoja niingie mwenyewe, akanipokea kwa goti. Raundi ya pili sikuimaliza.

Baba alikuja kunichukua uwanja wa ndege, njiani akawa anazungumza habari za mvua tu. Tulipofika Bidbid, njia ya Ibra inapoachana na ya Nizwa, akasimamisha gari penye mkahawa, akaagiza chai mbili, akaniambia. Ulifariki Ijumaa asubuhi, siku moja kabla sijapanda ulingoni. Wakakuzika baada ya Alasiri. Matanga yalikwisha jana yake. Ibra nzima ilijua, hata binamu zangu walionitumia pongezi za kufika fainali. Na simu yako alikuwa nayo Baba mwenyewe.

"Ningekwambia, ungepigana?" akaniuliza.

Baba hajarusha ngumi maishani mwake. Aliandika kile anachodhani mabondia huambiwa. Chai yangu niliiacha pale mezani.

Nina hasira naye, Ami, na sala haijaipunguza. Fainali na iende zake. Kinachonikereketa ni kwamba siku waliyokutia kaburini, mimi nilikuwa nikipima uzito na kucheka na wenzangu. Kila mtu alikuombea dua siku ile isipokuwa mimi uliyenilea kama mwanao. Nilikwenda makaburini na Baba. Kwetu hapa mawe hayana majina, unajua. Akanionyesha kaburi moja kwa kidole, akasita, kisha akanyoosha kwengine. Nikaomba dua nimesimama katikati ya makaburi mawili.

Jana alibisha mlango wangu akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwa kichwa. Alibaki pale kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata, na kwa mara ya kwanza nikafikiri: siku ya pili tu baada ya kumzika nduguye, mtu huyu alikaa na simu ya marehemu akatafuta maneno ya kunipa. Bado sijamsamehe.

Kumsamehe sikuahidi. Ninachokuahidi ni hiki: akija tena kubisha, nitarudi hatua moja, nitavuta pumzi, ndipo nimtazame.

Lala salama, Ami. Na unisamehe nilivyodhani yale maneno yalikuwa yako.

Mwanao,
Nasri