Kumrudisha Anold Mwika

Jumatatu, 5 Februari 2024

Kaka Anold amefariki. Alfajiri ya leo, huko Tanga, ghafla — moyo. Aliyepiga simu ni baba mkwe wake, mzee Badr. Miaka sita kaka kaoa kwa Waarabu wale na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutia mguu! Nimemwambia mzee tunakuja kumchukua, mtusubiri. Kasema inshallah mwanangu, karibuni sana.

Mama hawezi safari. Wajomba wanachimba kaburi kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya baba. Basi ni mimi. Peke yangu.

Jumanne, 6 Februari

Tanga. Joto gani hili! Nguo imenigandia mgongoni kabla sijashuka kwenye basi. Mji mpana, msafi, hauna haraka na mtu. Baiskeli kila kona. Mitaa ya Ngamiani imepewa namba, eti hata mjinga asipotee. Nimepotea. Nikamuuliza mama mmoja wa buibui — kwanza habari za nyumbani, za safari, za wazee, ndipo akanionyesha njia. Nilitaka kupiga kelele. Nageuka huku na huku kutafuta mlima wetu, hakuna. Sijui kwetu ni upande gani.

Wanasema Tanga ni waja leo warudi leo. Hata mimi sitaki zaidi ya hapo.

Nyumba imejaa wanawake kwenye mikeka, wanasoma Kiarabu. Huwaida, mjane wa kaka, nilimjua kwa picha tu. Kanikumbatia, hataki kuniachia. Nimeuliza mwili uko mochwari gani. Mama yake, bi Fakhria: "Kula kwanza, mwanangu. Watoka mbali." Nimeuliza tena. Ikaja kahawa, ikaja haluwa, yakaja maji ya kuoga. Hawakatai kitu watu hawa, wala hawajibu!

Nimepata gari la kumbebea, dereva ni Lucas wa Pongwe. Nimempigia Mama: kesho tunaondoka naye.

Jumatano, 7 Februari

Wameshamzika!

Jumatatu ileile, baada ya alasiri, mimi bado nakunja nguo kwetu Mwika. Mzee Badr kanipeleka asubuhi hii. Tuta la mchanga, jiwe kichwani, msalaba hakuna. Kumbe alisilimu kabla ya ndoa. Huku aliitwa Ammar. Kila Krismasi alipiga simu, akacheka na Mama, asiseme!

Nimemfokea mzee wa watu palepale makaburini. Hakupandisha sauti. "Sie maiti hatumlazi, mwanangu. Kumstiri mapema ndiyo heshima yake. Nilidhani wajua." Na ile inshallah? Ya safari yangu, nifike salama. Nikasema afukuliwe. Kasema aliyelala haamshwi, kisha kanishika mkono nisijikwae mchangani. Bora angenizaba kibao.

Mama kapiga tukiwa njiani kurudi. Mmeshaondoka? Nimesema ndiyo. Mungu wangu! Nimesema ndiyo, Mama, tumeondoka.

Mchana huohuo

Lucas nimemwambia asije. Mama sijamwambia kitu.

Kapiga tena. Mko wapi? Segera, nimesema. Kauliza kama nimekaa karibu naye. Nimesema nimeshika jeneza. Kalia, kasema asante mwanangu. Turubai limefungwa, kwaya imefika, mchungaji anauliza. Tukikaribia Himo nipige, vijana washuke kutupokea barabarani.



Niko chumbani kwa kaka na Huwaida. Shati lake la kazi bado linaning'inia nyuma ya mlango. Huwaida yuko eda, hatoki, kwa hiyo anasikia kila uongo ninaousema. Hajanilaumu. Sasa hivi kanyoosha mkono: "Nipe mie nimwambie, wifi." Nimeikumbatia simu kama mtoto. Akimwambia yeye, Mama atakuwa amefiwa mara ya pili, na mimi ndiye niliyemwambia kaka anakuja.

Inaita tena. Saa hizi tungekuwa tunapita Same.