Meno Mawili ya Wiwik

Jumatano, 31 Januari

Wiwik anaolewa! Mdogo wangu! Kaja dukani asubuhi kabla sijafungua vizuri, akajitupa kwenye kiti cha wateja, akasema anataka meno. Nikamwambia miaka yote nambembeleza nimtengenezee, hataki, leo kumekucha vipi? Akacheka, ncha ya mtandio mdomoni, kama kawaida yake tangu aanguke na pikipiki. Ndipo akanitobolea siri. Tarmuji kaleta posa. Harusi tarehe 25 mwezi ujao, kabla ya Ramadhani. Wazee wa upande wa bwana wamepiga hesabu zao za siku njema na hawasikii la mtu.

Tarmuji ndiye yule mgane wa Pasirian anayekodisha mahema na maspika. Mtu mpole, kelele zake zote ziko kwenye maspika. Nimefurahi mpaka tempe, soya yangu ya chakula cha mchana, imeungulia kikaangoni. Mama alipokufa Wiwik nilimlea mimi. Mume wa kwanza alipomwacha, nilimpokea mimi. Sasa na apumzike, masikini.

Nikammulika kwa tochi. Meno mawili ya mbele ya juu hakuna — vimebaki visiki, na mizizi imo ndani, imeoza. Nikamwambia hapa mimi siwezi kitu bado. Kwanza ing'olewe, na fundi meno wa sokoni kama mimi haruhusiwi kung'oa. Aende kituo cha afya.

Jumapili, 4 Februari

Tumegombana.

Daktari wa meno pale kituoni kamwambia yale yale niliyomwambia. Mizizi itoke, fizi zipone, miezi miwili mitatu. Kwa ajili ya harusi atengenezewe ya muda, ya kuvaa na kuvua. Sawa kabisa. Hiyo ndiyo kazi yangu, nusu ya soko hili la Lumajang wanatafunia kazi ya mikono yangu.

Wiwik hataki. Nikadhani anaogopa sindano. Wala. Tatizo ni usiku. Meno ya kuvua huvuliwa usiku.

"Tarmuji anadhani naficha mdomo kwa haya," kaniambia. "Ndicho alichonipendea. Sasa usiku wa kwanza tu nivue meno niyatie kwenye glasi, anione kibogoyo?"

Nikamwambia mume wa kukimbia glasi, mwache akimbie. Utani wenyewe haukuchekesha. Anataka nimgandishie, yasitoke kamwe, juu ya vile visiki. Nimemkatalia. Kaondoka bila kula, na nilikuwa nimempikia rawon, mchuzi mweusi wa nyama anaoupenda.

Alhamisi, 8 Februari

Sikukuu ya Miraji. Duka limefungwa. Ndiyo maana nimeweza.

Nimefanya. Sijui niandikeje. Alikuja na macho mekundu, akakaa tu, hakuomba tena. Angeomba ningekataa. Nikateremsha mlango, nikawasha taa. Nikavipiga tupa visiki, nikayachonga meno mawili ya akriliki, plastiki yetu ngumu, nikayagandisha kwa majirani zake wa kushoto na kulia. Mizizi iko palepale chini. Nimepiga rangi ukuta unaovuja.

Sheria yetu mafundi ni fupi, kila mmoja wetu anaijua: meno ya kuvaa na kuvua, basi. Kugandisha marufuku. Kufunika mizizi marufuku. Mimi ndiye ninayewafokea wateja wakiomba hayo! Mimi!

Lakini nilimpa kioo. Akajitazama. Akacheka mdomo wote, mtandio umeanguka begani, na sikumbuki mara ya mwisho kuliona cheko lile. Ana cheko la mama. Nikalia, naye akalia, akaniapisha nisimwambie Tarmuji hata siku moja. Nikaapa.

Alipoondoka nikafagia vumbi lote la kazi ile kabla ya kuinua mlango.

Alhamisi, 15 Februari

Jana tulipiga kura, kidole changu bado zambarau. Mabango ya wagombea hayajaondolewa, meno meupe kila kona. Yule mwenye kilemba nimemtengenezea mimi.

Mchana kaingia Tarmuji. Nikadhani ni mambo ya mahema. Akachungulia nje, akavuta pazia, akanong'ona kama mwizi. Kumbe! Meno yake yote ya juu ni ya bandia. Nilikuwa nahisi — herufi ya s inampigia mluzi kwenye maspika, na sikio langu limezoea. Yamelegea, yanadondoka akipiga chafya. Anataka niyakaze. Na zaidi ya hayo anataka niyagandishe yasivuliwe, maana Wiwik hajui.

"Yule mdogo wako mwenye haya zake," kasema, "akiniona usiku bila meno atadhani kaolewa na babu yake."

Nilitaka kucheka, nikashika ukingo wa meza. Kisha nikamweleza. Kugandisha ni hatari, shemeji. Fizi zinaoza chini kwa chini, usaha unakosa njia, unapanda. Nimewaona watu nyuso zimevimba. Nikamweleza vizuri kabisa, kwa upole, kama daktari. Na kila neno lilikuwa linanirudia mimi. Nikamkazia tu, nikamwambia avue kila akilala. Akasema atalala nayo. Akaniomba nisimwambie Wiwik. Nikaapa tena.

Alipotoka nikacheka peke yangu mpaka machozi. Sasa hivi sicheki. Ningeweza kumaliza mambo kwa sentensi moja. Lakini nimewaapia wote wawili — na tena ningeanzia wapi? Ningesema nini kuhusu kazi yangu ya Miraji?

Jumatano, 21 Februari

Juu ya jino la kushoto kuna kipele. Nimekibonyeza, kimetoa usaha. Nikamwambia Wiwik tuyatoe leo. Kasema baada ya harusi.

Nikakubali. Nimekubali tena!

Jumapili, 25 Februari

Wameoana. Kadhi alichelewa, mvua ikanyesha kidogo, hema likahimili. Wiwik kacheka kwenye kila picha. Jirani kaniuliza mdogo wangu kapaka nini mbona anang'aa, nikasema furaha.

Walipokaa kula nikawa nawatazama. Nyama wote wawili wanaichana kwa vidole, vipande vidogo vidogo. Karanga wote wawili wanazisukuma pembeni. Mashangazi wakaanza uchokozi — tazameni maharusi wanavyooneana haya, watashiba lini hawa! Kila mtu kicheko. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, nikajifanya nawaongezea wageni wali.

Baadaye nilimkuta Tarmuji nyuma ya hema, anakunja nyaya mwenyewe akiwa bado na nguo zake za harusi. Hakuna mtu karibu. Nikasema, shemeji. Akageuka. Nikasema, hongera. Basi, hiyo hiyo hongera ndiyo iliyotoka.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda Pasirian. Mdomo wa juu wa Wiwik umevimba. Kamwambia mumewe kaumwa na nyigu. Chumba kinanuka karafuu. Ana vidonge vya kioski, vile vinavyouzwa kimoja kimoja, anameza anapokumbuka.

Nikamwambia twende nikayatoe, au twende hospitali, basi, yaishe. Akakataa. Kisha akaniambia kitu ambacho bado kinanichoma. Kasema Tarmuji usiku anageukia ukutani. Hazungumzi. Taa ikizimwa tu, anageuka.

"Labda keshaniona, dada. Labda keshajua."

Mimi najua kwa nini anageuka! Anageuka ili asionekane meno yakimdondoka usingizini! Ilikuwa hapohapo, kwenye ulimi. Nikakaa pale kitandani kwao nimemshika mkono, nikifikiria kiapo, nikifikiria uso wa Tarmuji akijua nilimkataza yeye nikamfanyia mkewe. Nikafikiria na duka. Ndiyo, na duka nalo nililifikiria. Nikamwambia anywe dawa kwa saa zake.

Nimerudi nyumbani na aibu yangu. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumanne, 12 Machi

Kufunga kumeanza. Nimempigia simu Wiwik, sauti nzito kama ana tonge mdomoni. Kasema hajambo. Kasema afadhali mwezi huu, hakuna wa kumuuliza kwa nini hali.

Jumapili, 17 Machi

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Naandika ili nisiinue uso.

Tarmuji kapiga simu baada ya adhuhuri. Wiwik kaanguka jikoni. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamshusha kutoka kwenye gari la maspika. Sikumtambua. Upande mmoja wa uso umejaa, jicho la kushoto limefumba, ngozi inawaka. Kumbe hata magharibi alikuwa hafuturu, maji tu, anamwambia mumewe tumbo. Akanishika kidole. Hakuweza kusema.

Daktari kasema jipu limetoka kwenye mizizi likapanda kuelekea jichoni. Watalipasua, watang'oa. Likiwa limekwenda ndani zaidi hawezi kuahidi kitu. Halafu kauliza — nani kagandisha meno juu ya mizizi iliyooza? Hakumuuliza mtu, aliuliza ukumbi mzima. Nikatazama vigae.

Tarmuji alikuwa kavaa msuli, kajiziba mdomo kwa taulo. Nikadhani analia. Alikuwa analia, lakini taulo si la machozi. Usiku analala na meno yake, fizi zinamuuma, kwa hiyo mchana huyavua akiwa peke yake ghalani kwenye maspika yake. Kaitwa, kakimbia, kayaacha.

Tukakaa. Muuguzi katoka na kibakuli cha chuma, kauliza ndugu wa mgonjwa nani. Tarmuji kakipokea. Meno yangu mawili. Yalikuwa mazuri hata humo, rangi niliilinganisha sana, na nikajichukia kwa kuona hilo.

Kayatazama muda. Kayageuza kwa kidole.

"Ya bandia," kasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwambia yote. Pikipiki, visiki, usiku, glasi. Mimi. Siku ya Miraji, mlango umeteremshwa. Nikamwambia kwa nini alikuwa anaficha mdomo, kwamba haikuwa haya. Nikamwambia anavyodhani Wiwik akimwona kageukia ukutani.

Taulo likashuka. Nikaona fizi zake, nyekundu zina vidonda, na sikuweza kutazama kwingine.

"Naye yangu anajua?"

"Hajui."

"Mimi sikujua yake, yeye hajui yangu. Wewe ulijua yote."

"Mliniomba nisiseme. Wote wawili, shemeji. Mliniapisha."

"Tulikuomba," kasema. Akayarudisha yale meno kwenye kibakuli taratibu, kama yanaumia. "Neno moja tu, dada. Tungecheka sisi. Tungecheka mpaka asubuhi."

Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana. Laiti angenipiga na kile kibakuli.

Adhana ya magharibi imeshapita. Mtu katuletea tende na chai, imepoa hapa kati yetu, hakuna aliyegusa. Namwomba Mungu amrudishie tu mdogo wangu, hata bila jino moja, hata bila jicho hilo. Nimewahi kuomba vitu vingi vya kijinga. Hiki siyo.

Daktari katoka tena sasa hivi. Homa haijashuka, wanamrudisha chumba cha upasuaji. Kasema amekuta kitu kimeganda mpaka chini ya fizi, na anataka kujua ni gundi gani, ni dawa gani ilitiwa pale. Kasema kama kuna mtu anamjua fundi, amtaje, hana muda wa kumtafuta.

Tarmuji hajibu. Taulo liko magotini, mdomo uko wazi. Ananingoja mimi.