Saini ya Tarehe Tisa Juni

4 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini kikohozi kimepungua. Mimi mzima, ila silali vizuri.

Mwezi huu, hapa kwa Msajili, nimepewa kukagua mafaili ya vyama vya kusaidiana vya polisi na zimamoto. La tatu ni la chama chenu. Kukuta jina lako kama mweka hazina hakukunishtua. Kilichonishtua ni hati ya mafao ya mjane wa dereva wenu. Inasema alilipwa tarehe tisa Juni mwaka jana, ukishuhudia, na saini ni yako. Siku hiyo ulikuwa wodini, tumbo limeshonwa, nami nikikunywesha uji kwa kijiko.

Mjane anasema hajapata hata senti.

Sijamwambia mtu. Bosi anataka taarifa mwisho wa mwezi.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, marahaba.

Kikohozi ni moshi wa miaka thelathini. Kimepanga kifuani na hakina mpango wa kuhama. Mama yako anauliza kama unakula.

Nilisaini kitabu kizima cha hati tupu kabla ya kulazwa, nikamwachia katibu. Usishangae. Kituoni ndivyo tulivyoishi: zamu ikiingia, mmoja anakagua mitungi ya hewa, wote sita tunasaini daftari. Kengele haingoji watu sita. Nimeingia motoni mara ngapi na mtungi ambao sikuukagua mwenyewe? Na nilirudi.

Katibu alinibeba mgongoni ghorofa tatu kunitoa motoni. Mtu wa namna hiyo utamdai risiti?

Lile faili liweke chini ya mengine. Damu nzito kuliko maji, na maji sisi tunayajua.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini nyote hamjambo.

Mjane alikuja leo kujaza fomu, ya nne sasa. Hakujua mimi ni nani. Alisema, "Mwanangu, mwulizeni mweka hazina, ni mtu mzuri yule. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiwakagulia mitungi. Hakuna aliyewahi kukosa hewa."

Nilimjazia. Sikukosea hata herufi moja, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimeandika taarifa mbili. Moja ina jina lako, nyingine haina. Zote ziko kwenye droo, na ufunguo ninao mfukoni. Niambie nipeleke ipi.

Mwanao

30 Machi

Kwa Msajili wa Vyama,

YAH: MAFAO YA MJANE WA DEREVA

Mimi, mweka hazina wa chama, nakiri kwamba nilisaini hati hamsini zikiwa tupu na kumkabidhi katibu. Malipo ya tarehe tisa Juni sikuyashuhudia. Niko tayari kuhojiwa.

Karani mwenye faili hili ni mwanangu. Naomba apewe karani mwingine, yeye asije akalaumiwa.

Barua hii nimeisoma mara mbili kabla ya kusaini. Saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Mweka Hazina

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako ilipitia masjala, ikaletwa mezani kwangu pamoja na nyingine. Niliipiga muhuri wa kupokelewa, kisha wakaja kulichukua faili. Nimezichana taarifa zote mbili.

Nilitafuta marahaba yangu mbele na nyuma ya karatasi.

Mwambie Mama nakula.

Mwanao